Maziwa ya kopo: kukoroga kila mlo, kuweka friji au maji ya chupa ya chai? Nipo Newala

Mama Mdogo (Newala), saa 1:40 usiku
Habarini za jioni. Nalea mtoto wa mdogo wangu, wa kiume, miezi mitatu kasoro wiki, kilo 5. Mama yake yuko Dar es Salaam, anaanza dawa za saratani na madaktari wamemkataza kunyonyesha. Naomba basi tusirudi kwenye "maziwa ya mama ni bora", hilo tunalijua na tumelilia vya kutosha.

Nataka mnilinganishie njia. Kukoroga kila mlo maana yake kuwasha jiko mara sita kwa siku, usiku mara mbili. Nikikoroga chupa zote asubuhi nikaweka friji, ninalala. Au nichemshe maji jioni, niyatie kwenye chupa ya chai, nikoroge akiamka. Na je, chupa ya chuchu au kikombe? Maji yetu ni ya tangi la mvua, yakiisha tunanunua kwa ndoo. Umeme hukatika.

Baba Pacha (Masasi), saa 2:05 usiku
Pole sana dada, Mungu amponye mdogo wako. Pacha wetu tuliwalea kwa friji na mwanzoni nilikuwa naisifia kwa kila mtu. Usiku mmoja umeme ukakatika sijui saa ngapi, ukarudi kabla hatujaamka. Asubuhi nikagusa chupa, zina ubaridi kidogo, nikajiaminisha. Jioni wote wawili wanaharisha, tukalazwa siku tatu. Siwezi kuapa kwamba ni yale maziwa, lakini sikuwahi kurudia.

Friji inafaa kama inashika baridi ya nyuzi 5 au chini yake, chupa zikikaa ndani kabisa na siyo mlangoni, na ndani ya saa 24 ziwe zimetumika. Umeme ukikatika na hujui kwa muda gani, mwaga. Kwa umeme wa huku sikushauri.

Binti Pwani (Kilwa), saa 2:21 usiku
Mimi nachemsha maji asubuhi, nayaacha kwenye jagi lenye mfuniko yapoe, kila mlo nakoroga na hayo hayo. Kopo langu lenyewe limeandika maji vuguvugu. Haraka, mtoto haungui, na vitamini haziuawi na moto. Ana miezi saba, mzima wa afya. Sioni haja ya kujitesa usiku.

Nesi Mstaafu (Mikindani), saa 3:10 usiku
Wanangu, nimesoma yote. Binti Pwani, namshukuru Mungu kwa mwanao, lakini hapo kuna jambo wengi hawaambiwi. Tunachemsha maji tukidhani hatari iko kwenye maji peke yake. Unga wenyewe wa kopo si tasa, hata likiwa jipya limefungwa kiwandani. Unaweza kuwa na bakteria aitwaye Cronobacter, au Salmonella. Ni nadra, lakini Cronobacter akimpata mtoto mchanga huingia kwenye damu au utando wa ubongo. Walio hatarini zaidi ni wa chini ya miezi miwili, njiti, waliozaliwa na uzito mdogo na wenye kinga dhaifu. Sasa maji yaliyochemshwa yakapoa hayamuui aliye kwenye unga. Yanampa joto la kuzaliana tu.

Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2007 unasema maji yasipungue nyuzi 70 yanapokutana na unga. Huna kipimajoto? Chemsha lita nzima mpaka itokote, funika, usiache ipite nusu saa. Maji ya kikombe kimoja hupoa haraka mno, usiyapime kwa nusu saa hiyo. Vitamini C hupungua kidogo kwenye moto, na hasa maji yakitokota, kwa hiyo hatumimini yakiwa yanatokota. Hasara hiyo ni ndogo mbele ya homa ya uti wa mgongo.

Maji kwanza, kisha unga. Kijiko ni cha kopo lile lile, kisawazishwe kwa mgongo wa kisu safi, kisishindiliwe. Makopo mengi ni kijiko kimoja kwa mililita 30, mengine 60, soma lako. Kisha poza upesi: simamisha chupa kwenye beseni la maji baridi, maji yasifike kwenye mfuniko, tikisa taratibu, dondoshea upande wa ndani wa kifundo cha mkono, kwenye mshipa. Lisikuchome. Yakikorogwa, saa mbili ndiyo mwisho, na alichobakiza mtoto humwagwa hapo hapo kwa sababu mate yake yameshaingia.

Mama Mdogo, saa 3:22 usiku
Shikamoo mama. Kumbe! Mimi niliogopa maji tu. Na chupa ya chai je?

Nesi Mstaafu, saa 3:40 usiku
Marahaba mwanangu. Kwa hali yako ndiyo naichagua usiku. Tenga moja isiyowahi kutiwa chai wala kahawa, isuuze kwa maji ya moto, ijaze pomoni maji yanayotoka kutokota. Ikiwa nusu hupoa mapema. Nzuri hushika moto saa kadhaa, na yakimiminwa yasipotoa mvuke mzito, usitumie, rudi jikoni. Unga uwe pembeni kwenye chombo kikavu kilichochemshwa, umeshapimwa.

Lakini sikia vizuri: kwenye chupa ya chai yanakaa maji, siyo maziwa. Nimewahi kumpokea mama aliyekoroga jioni akahifadhi humo mpaka alfajiri ili yasipoe. Hapo unaotesha bakteria kama hamira kwenye unga wa maandazi.

Maziwa yaliyokwisha kuchanganywa kiwandani ni tasa kabla hayajafunguliwa, ndiyo salama kuliko yote, ila bei yake kubwa na kuyapata huku ni shida. Na wa huku pwani: maji ya kisima chenye chumvi msiyatumie. Kuchemsha hakuondoi chumvi.

Bibi wa Mingoyo (Lindi), saa 3:58 usiku
Kwenye chupa na kikombe nina neno, maana mjukuu wangu nilimlea kwa kikombe tangu wiki ya pili. Chuchu ina tundu na mikunjo, maziwa yanaganda humo hata ukisugua. Kikombe kidogo hakina pa kujificha uchafu. Namkalisha wima mapajani, mkono wangu nyuma ya shingo, kanga kifuani, ukingo wa kikombe unagusa mdomo wa chini. Simmiminii! Ninainamisha mpaka maziwa yafike mdomoni, yeye mwenyewe anayaramba kwa ulimi kama paka. Siku tatu za mwanzo nusu iliishia kwenye kanga, baadaye akawa fundi. Kichemshwe sawa na chupa, dakika kumi, kizame chote, kibaki kwenye sufuria iliyofunikwa.

Mama wa Nachingwea, saa 4:15 usiku
Nililea wangu kwa kopo na siri yangu niliificha kliniki. Kopo la gramu 400 likiisha siku ya nne, nikaanza kupunguza kijiko: maji ya vijiko vinne naweka vitatu. Mtoto anashiba, analala, mimi nafurahi. Mstari kwenye kadi ukalala mwezi mzima. Nesi alipouliza nilitia vijiko vingapi, nikalia.

Piga hesabu mapema, Mama Mdogo. Mililita 150 kwa kila kilo, kilo 5 ni kama 750 kwa siku. Kopo la 400 linatoa takriban lita tatu. Ni makopo saba au nane kwa mwezi, na uzito ukipanda yanaongezeka. Waite ndugu sasa mchangishane, msingoje msimu wa korosho. Uji mwepesi au maziwa ya kopo ya kutilia chai visizibe pengo hilo.

Binti Pwani, saa 4:20 usiku
Nesi, nimekuelewa. Jagi nimelimwaga.

Mama Mdogo, siku sita baadaye
Nimerudi. Mchana nachemsha lita nzima kila mlo, na hayo yanayobaki nafulia nepi zake. Usiku chupa ya chai, nimeifunga uzi mwekundu shingoni ili asiitie mtu chai. Kikombe bado tunapigana nacho, jana alimaliza 90 kati ya 120. Zile 30 nilizimwaga nyuma ya nyumba, mkono ukawa mzito kwa bei ya kopo. Kaka yetu wa Tandahimba ameahidi makopo matatu kila mwezi. Kliniki leo: kilo 5.2. Nimempigia mama yake nikamsomea kadi, akaniomba niisome tena.