Re: Kujaza friza kwa hela ya mboga

> Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Sisi tumefika Dayton, Ohio, mwezi wa nne sasa, tuko sita nyumbani, mume wangu anapiga shifti ya usiku ghalani na mimi bado niko na watoto. Kuna familia wametuachia dipu friza la sanduku, zima kabisa, ila liko tupu na kadi ya EBT, ile ya msaada wa chakula wa serikali, kila mwezi inaisha kabla ya tarehe 20. Nianze na nini? Naogopa kununua vingi halafu vikaoza.

Marahaba mwanangu, na poleni na ugeni. Mimi niko Minneapolis mwaka wa kumi na moja, watoto wanne nimewalea kwa friza kama hilo lako, kwa hiyo nitakuandikia kirefu, unisamehe.

Kwanza usilijaze kwa siku moja. Watu wanapokea hela wanakimbilia boksi la nyama, tarehe 8 wana nyama tupu ndani na hawana mafuta wala unga. Chukua dola 15 tu kila wiki iwe ya friza, usiiguse kwa kitu kingine, na wiki ya kwanza usinunue nyama kabisa, nunua maharage makavu. Loweka usiku, asubuhi mwaga yale maji, chemsha mapya, na kama ni yale mekundu yatokote kwa nguvu dakika 10 nzima ndo upunguze moto, maana yana sumu isiyoondoka kwa moto mdogo, ile sufuria ya umeme ya kupika taratibu usiitumie kuyaanzia. Yakiiva usiyaunge. Yaache yapoe, gawa vikombe viwili viwili pamoja na maji yake, ugandishe. Siku umechoka unatoa pakiti moja, kitunguu, nyanya, tui la kopo, ndani ya nusu saa watu wanakula. Kwangu mimi hiyo ndo kazi kubwa ya friza, kukuokoa ile saa 12 jioni watoto wanalia na wewe unataka kununua piza.

Sasa namna ya kufunga, hapa sikiliza vizuri kwa sababu hapa ndo hela inapopotea. Mwaka wa kwanza nilinunua mfuko wa mapaja ya kuku, ule wa pauni 10, kama kilo 4 na nusu, nikautupa ndani kama ulivyo. Ukaganda jiwe. Nikitaka mapaja manne naupiga chini sakafuni hautengani, mwisho nayeyusha wote, tunakula kuku siku tatu mfululizo mpaka watoto wanakataa. Siku hizi nikifika tu nyumbani, kabla hata sijavua koti, nagawa. Nakunja mdomo wa mfuko wa zipu kwa nje kama unavyokunja mkono wa shati, nausimamisha ndani ya kikombe kikubwa, natia mapaja manne na kitunguu saumu na ndimu na chumvi kidogo, halafu naulaza juu ya meza napapasa kutoka chini kwenda juu mpaka hewa yote itoke, nafunga. Unabaki bapa kama daftari. Naulaza kwenye trei ugande, kesho yake nausimamisha pamoja na wenzake kama vitabu. Bapa unaganda haraka na unayeyuka haraka, na hewa ikitoka nyama haipati yale mabaka meupe makavu. Mabaka hayo hayana madhara ila nyama inakuwa kama kadibodi. Na andika! Tarehe na jina, kwa maka peni. Nyama ya kusaga ikishaganda na maharage mekundu vinafanana kabisa, nakuambia ukweli.

Mboga: sukuma wiki hapa wanaiita kolad, kiangazi ukienda soko la wakulima saa wanayofunga wanakupa rundo kubwa kwa bei ndogo kwa sababu hawataki kurudi nazo. Na nyie Ohio mna mpango unaitwa Produce Perks, ukitumia EBT kwenye masoko yanayoshiriki, dola yako wanaiongezea dola nyingine ya matunda na mboga, uliza pale mezani kabla hujanunua. Osha, katakata, tumbukiza kwenye maji yanayotokota dakika 3, toa haraka weka kwenye maji ya barafu, kamua mabonge ya ukubwa wa ngumi, gandisha. Ukiruka hiyo hatua ya maji ya moto mboga inakuja kuwa chungu na rangi ya majani makavu.

Nyama ya mbuzi msinunue peke yenu. Tafuteni familia tatu nne, mchange mnunue mbuzi mzima kwenye machinjio ya halali au kwa mfugaji, mgawane. Mwezi wa 11 kabla ya Thanksgiving maduka mengi hapa yanashusha sana bei ya bata mzinga, chukua mmoja hata kama hamli sikukuu yao, sisi tunamkata vipande tunampika kama kuku wa kienyeji, mifupa tunachemsha supu. Ila ujue kumyeyusha ndani ya friji ni siku nzima kwa kila kilo 2, usimuache juu ya kabati usiku kucha.

Usigandishe viazi mbichi, vinakuwa vyeusi na maji maji. Na chupa za vioo usijaze supu mpaka juu, zinapasuka.

Halafu jambo la mwisho ambalo bado linaniuma. Friza letu tulichomeka gereji kwenye ile soketi yenye vitufe viwili katikati, inajikata yenyewe ikihisi hitilafu. Ilijikata, hakuna aliyejua, tukagundua siku ya nne kwa harufu. Nusu mbuzi yote ilienda jalalani na nililia pale pale nimeshika mfuniko. Kwa hiyo pitia kila siku uguse, na weka kikombe cha maji yaliyoganda, juu yake sarafu. Ukikuta sarafu imezama chini ya barafu, ujue umeme ulikata, vitu vikayeyuka, vikaganda tena. Tupa.

Mama wa Tanga

---

Mama asante sana kwa hiyo ya sarafu. Mimi niko Houston, tulipopotelewa na stima Februari 2021 ile baridi ya Texas nilijifunza hivi: friza ikiwa imejaa na hujafungua inashika baridi kama masaa 48, ikiwa nusu ni 24 tu. Kwa hivyo dada wa Dayton, ukiwa bado huna vitu vya kutosha jaza chupa za plastiki za soda na maji, acha nafasi kidogo juu, panga kwa ile nafasi tupu. Haikugharimu kitu. Na weka thamomita ndogo ndani, isome -18, yaani 0 kwa digrii zao za Fahrenheit.

---

> Mungu awabariki, nimesoma mara mbili na mume wangu nimemsomea. Swali moja, chapati je? Nikipika Jumapili nyingi zinafaa?

Zinafaa sana mwanangu, ila usiziivishe kabisa. Sukuma, weka kikaangoni bila mafuta, ikishabadilika rangi pande zote mbili toa kabla haijapata madoa. Ziache zipoe kabisa, zikifungwa na joto zinatoa jasho halafu zinashikana. Katikati ya kila moja weka karatasi ya kuokea, funga kumi kumi. Siku ya kula unaitoa imeganda hivyo hivyo inakwenda moja kwa moja kwenye kikaango cha moto na mafuta kidogo, dakika mbili. Wa kwangu mkubwa alianza kuzitoa na kuzipasha mwenyewe akiwa na miaka 11, akitoka shule ananikuta nimelala baada ya shifti, wala haniamshi.