Kindi wanamaliza nafaka za ndege dirishani kwa mamangu

Mwalimu Mstaafu, Malindi

Assalaam aleikum. Naomba ushauri wa wenye uzoefu. Mamangu mzazi hawezi kutoka kitandani tangu mwaka jana, na furaha yake ya kila asubuhi ni kuwatazama ndege wanaokuja kula kwenye ubao niliouweka nje ya dirisha lake: kwera wa manjano, tetere, shorewanda, na mara chache chiriku. Huwawekea mtama, alizeti na karanga zilizopondwa. Tangu upepo wa kusi ulegee, kindi wawili wamezoea kuja. Hushuka kutoka kwenye mkungu ulio karibu na ukuta, hupita juu ya nondo za dirisha, na kwa muda mfupi ubao huwa mtupu. Ndege hungoja juu ya waya wa umeme, kisha huenda zao, na mamangu huniuliza kwa nini leo hawakuja.

Ubao umepigiliwa juu ya boriti ya mkoko yenye urefu wa mita moja. Sitaki kuwadhuru kindi wala kuwatega, lakini nawataka ndege warudi. Jirani amenishauri niipake boriti grisi. Je, yafaa?

Mkaazi wa Gede

Waaleikum salaam, Mwalimu, na Mungu amjaalie mama afya. Nakusihi usitumie grisi. Ikimshika ndege, manyoya yake hugandana na hayawezi tena kumkinga na mvua, na anapoyachambua kwa mdomo huimeza. Sumu ya panya ni mbaya zaidi, kwa sababu bundi, kanu au paka anayemla mnyama aliyekwisha kula sumu naye hudhurika.

Kwanza tazama saa. Kindi hutembea mchana na usiku hulala, kwa hiyo nafaka iliyowekwa jioni ikitoweka kabla ya alfajiri, aliyeila ni panya au komba, na dawa yake ni kuuingiza ubao ndani magharibi inapoingia. Kwa kindi, dawa ya kwanza ni chakula chenyewe. Karanga na alizeti ndizo zinazomvuta. Ziondoe, uache mtama na uwele, ambavyo kwera na tetere huvipenda sana na kindi havijali kiasi hicho. Weka kidogo baada ya jua kuchomoza, kiasi cha kumalizwa kwa muda wa saa moja, na kidogo tena alasiri.

Kuhusu karanga nina neno jingine. Katika unyevu wa pwani yetu huota ukungu upesi, na ukungu huo huweza kuzaa sumukuvu, sumu ile ile iliyokuwa kwenye mahindi yaliyoua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004. Ndege nao huwadhuru. Kwa sababu hiyo mimi siziweki kabisa, na wakati wa masika huusugua ubao kwa maji ya moto kila baada ya siku chache.

Fundi Bati

Mwalimu, nakubaliana na mwenzangu wa Gede kuhusu grisi, lakini sidhani kuwa kubadilisha chakula peke yake kutatosha, kwani kindi mwenye njaa hula mtama pia. Tatizo lako ni njia anayopitia. Boriti ya mkoko ina maganda ya kushikia kucha, na ubao uko karibu mno na nondo.

Tumia bomba la chuma lililo laini, na ubao uwe juu kiasi cha mita 1.8. Chini ya ubao, mita 1.5 kutoka ardhini, funga kawa la bati: yaani kata duara la bati lisilo na migongo, lichane mpaka katikati, likunje liwe na umbo la kawa la kufunikia chakula, na upana wake wa chini usipungue sentimita 45. Usilikaze sana, liache licheze kidogo kwenye bomba, ili kindi akiligusa liyumbe. Kunja kingo zake zisikate mtu wala mnyama.

Kisha pima umbali, na hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa kuwa kawa halimzuii kindi anayeruka kutoka juu. Bomba liwe mita 3 kutoka ukutani, na matawi ya mkungu yanayolielekea yapunguzwe kwa kiasi hicho hicho. Vipimo hivi vimetokana na uzoefu wa Waingereza na Wamarekani, ambao hushindana na kindi wa kijivu, mnyama wa Marekani aliyepelekwa Uingereza mwaka 1876. Kindi wetu wa misitu ya pwani, yule mwenye tumbo na mkia mwekundu, ni mdogo kuliko huyo, kwa hiyo vinatosha. Kutoka mita 3 mama ataendelea kuwaona ndege vizuri.

Bi Mkubwa wa Lamu

Nimetumia pilipili kwa panya wa darini kwetu, nayo yafanya kazi, kwa sababu ndege hawausikii ukali wa pilipili ilhali wanyama wanyonyeshao huusikia. Hata hivyo, unga wake hupeperushwa na upepo. Kwa kuwa ubao uko mbele ya dirisha la mgonjwa, ningekuomba uache, usije ukamtia mama kikohozi. Na ubao usiuweke kando ya kichaka, kwani paka hujificha humo.

Mwalimu Mstaafu, Malindi

Nawashukuru nyote. Wiki tatu zimepita. Nimeacha karanga na alizeti, nimesimamisha bomba, na fundi wa hapa mjini amenikunjia kawa la sentimita 50. Kindi walijaribu kupanda kwa siku nne, wakashindwa, na sasa huokota kungu chini ya mti, mahali ambapo mamangu huwaona pia. Kwera wamerudi tangu siku ya pili. Tatizo lililobaki ni kunguru, ambao huja wanne kwa pamoja na kuwafukuza wote.

Bi Mkubwa wa Lamu

Alhamdulillahi. Kwa kunguru, zungushia ubao wavu wa waya wenye matundu ya sentimita 4, pande zote na juu. Kwera na chiriku watapita. Tetere hawatapita, basi wamwagie mtama kidogo mahali peupe panapoonekana kutoka kitandani, asubuhi tu, nawe uwe karibu mpaka wamalize.