Naomba ushauri: nimepata udahili wa uzamili Marekani, lakini viza za wanafunzi kwa Watanzania zimesitishwa

Mama Naima (Tabata)

Ndugu wanajamvi, habari za jioni. Naomba mawazo yenu, hasa ninyi mliosoma nje au mnaosomesha watoto nje, kwa sababu kila ninayemuuliza hapa Dar es Salaam ananipa jibu lake.

Mimi ni mkufunzi msaidizi katika chuo kikuu kimoja hapa jijini, na kwa taratibu zetu siwezi kupanda cheo bila shahada ya uzamili. Niliomba nafasi katika chuo cha umma kilichopo jimbo la Ohio, na Februari mwaka huu ikanifikia barua ya udahili wa kuanza Agosti 2026, pamoja na nafasi ya kusaidia kufundisha ambayo ingefuta ada yote na kunipa posho ya kujikimu. Tatizo ni kwamba tangazo la Rais Trump la tarehe 16 Desemba 2025 limeiweka Tanzania katika orodha ya nchi zilizozuiwa kwa sehemu, na tangu Januari 1, 2026 raia wetu hawapewi viza za F, M na J, ambazo ndizo za wanafunzi na za programu za kubadilishana, wala zile za matembezi na biashara.

Maswali yangu ni haya. Je, niombe kuahirisha udahili na kusubiri, au nielekeze nguvu Uingereza au Ujerumani? Nina mume na binti wa miaka mitatu, kwa hiyo suala la kwenda na familia ni zito kwangu. Pili, wakala mmoja wa Sinza anadai shilingi milioni tatu ili anipitishe ubalozi wa Marekani Nairobi, akisema kule mambo ni mepesi. Tatu, mdogo wangu yuko Marekani tangu 2023, viza yake inaisha Julai mwaka huu ilhali masomo yake yanaisha 2027, na anataka kuja likizo mwezi Mei kumwona mama. Aje au asije?

Mzee wa Upanga

Mama Naima, tuanze na huyo wakala, maana hilo ndilo la haraka. Zuio hili linafuata uraia wako, halifuati mji unaoombea viza. Ukiingia dirishani Nairobi, Kigali au Pretoria na pasipoti ya Tanzania, afisa atasoma pasipoti ileile. Isitoshe, tangu Septemba 2025 Marekani imewataka waombaji wafanyie usaili katika nchi ya uraia wao au wanayoishi kihalali, na wewe unaishi Tabata. Usikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Kuna misamaha michache. Aliyekuwa na viza halali siku zuio lilipoanza haguswi, na mwenye uraia wa nchi mbili anaweza kusafiria pasipoti ya nchi isiyozuiwa, lakini sisi sheria yetu ya uraia hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia pacha, kwa hiyo mlango huo kwetu ni wa mapambo. Upo pia msamaha wa maslahi ya taifa lao, unaotolewa kwa mtu mmoja mmoja na kwa nadra. Singekushauri ulipe dola 350 za SEVIS, yaani mfumo wao wa kumbukumbu za wanafunzi wa kigeni, na dola 185 za ada ya viza, ambayo hairudishwi, kwa kuutegemea msamaha huo.

Kijana wa Ilala

Mzee, shikamoo. Natofautiana kidogo na mwelekeo wa kukata tamaa. Tanzania iliwahi kuwekwa katika orodha ya namna hii mwanzoni mwa 2020, ingawa wakati ule ilihusu bahati nasibu ya green card, kibali cha kuishi Marekani kwa kudumu, peke yake, na Januari 20, 2021 zuio likaondolewa. Mambo haya huja na kupita. Dada aahirishe, asubiri.

Mzee wa Upanga

Marahaba kijana. Umesahau lililoliondoa. Liliondolewa siku ambayo Rais Biden aliapishwa, si kwa sababu sisi tulitimiza sharti fulani. Mfano unaofaa zaidi ni Turkmenistan, ambayo tangazo hilihili la Desemba limeilegezea na kurudisha viza za muda, zikiwamo za wanafunzi, huku zuio la wahamiaji wa kudumu likibaki. Kwa hiyo nchi inaweza kuondolewa nusu, na inatakiwa orodha ipitiwe kila siku 180. Ila mama mwenye ajira na mtoto hapangi maisha yake kwa kutegemea mapitio ambayo hana sauti ndani yake.

Mbeba Boksi wa Minnesota

Naomba nijibu kuhusu mdogo wako, kwa kuwa mimi mwenyewe nasoma huku na jambo hili tunalizungumza kila tukikutana.

Watu wengi nyumbani huchanganya viza na hadhi ya kukaa. Viza ni ruhusa ya kugonga hodi mpakani. Ukishaingia, kinachokulinda ni kumbukumbu yako ya kuingia, I-94, ambayo kwa mwanafunzi wa F-1 huandikwa D/S, maana yake anakaa kwa muda wote anaodumisha masomo yake kama I-20, fomu ya chuo inayothibitisha masomo hayo, inavyoeleza. Viza yake ikiisha Julai akiwa darasani, hajavunja sheria yoyote. Lakini akitoka nje ya Marekani baada ya viza kuisha, atahitaji viza mpya ili arudi, na viza hiyo kwa sasa haitolewi kwa Mtanzania.

Kwa hiyo kuja Mei na kurudi Juni, wakati viza ingali hai, kunaruhusiwa kwa maandishi, kwani tangazo lenyewe linasema viza zilizokwisha kutolewa hazifutwi kwa sababu yake. Ahakikishe kwanza kwamba viza yake ni ya kuingia mara nyingi, kisha I-20 isainiwe kwa ajili ya safari na ofisi ya wanafunzi wa kigeni kabla hajaondoka, na asiweke tiketi ya kurudi karibu na mwisho wa viza, maana ndege ikiahirishwa Addis Ababa hakuna wa kumwonea huruma. Kusema kweli, mimi mwenyewe nisingetoka. Likizo ni jambo jema, lakini amebakiza mwaka mmoja tu, na afisa wa mpakani ana madaraka ya mwisho ya kumruhusu au kumkatalia.

Jambo jingine ambalo halisemwi sana: mwanzoni mwa Januari 2026 idara ya uraia na uhamiaji ya hapa ilisitisha kutoa uamuzi wa maombi mengi ya raia wa nchi zilizo katika orodha. Kwa mwanafunzi anayemaliza, hilo linagusa kibali cha OPT, yaani miezi 12 ya kufanya kazi baada ya masomo. Mdogo wako aanze mapema kuzungumza na ofisi ya chuo kuhusu OPT, asingoje muhula wa mwisho.

Dada Zuhura (Leeds)

Mama Naima, nakuelezea Uingereza kama ilivyo, bila kuipamba.

Kuhusu familia: tangu Januari 1, 2024 mwanafunzi wa uzamili wa darasani haruhusiwi kuja na mume wala mtoto. Wanaoruhusiwa ni wa uzamivu na wa uzamili wa utafiti, pamoja na wanaofadhiliwa na serikali katika kozi inayozidi miezi sita. Ukijilipia mwenyewe, Naima anabaki Dar.

Kuhusu fedha, hapa ndipo wengi wetu hunyimwa viza. Mbali na ada ya mwaka wa kwanza, unatakiwa uonyeshe pauni 1,171 kwa mwezi kwa miezi tisa ukisoma nje ya London, yaani pauni 10,539, au pauni 1,529 kwa mwezi ukiwa London. Fedha hizo zikae siku 28 mfululizo kwenye akaunti yako au ya wazazi wako. Akaunti ya mjomba haikubaliki, hata kama ndiye aliyewasomesha nyote. Nimeona taarifa ya benki yenye mihuri kila ukurasa, michango ya ukoo imeingia vizuri kabisa, lakini siku ya ishirini na mbili mwenye akaunti akatoa kidogo kulipia umeme na salio likashuka chini ya kiwango. Hesabu ya siku 28 ikaanza upya, na tarehe ya kuripoti chuoni ikapita.

Ongeza tozo ya afya, pauni 776 kwa mwaka, ambayo kwa kozi ya mwaka mmoja kwa kawaida hufikia pauni 1,164 kwa sababu viza huzidi kozi kwa miezi kadhaa. Ongeza cheti cha kipimo cha kifua kikuu, ambacho kwa waombaji walioko Tanzania hutolewa na IOM, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji. Na ukishamaliza, muda wa kubaki kutafuta kazi unapunguzwa kutoka miaka miwili hadi miezi 18 kwa watakaoomba kuanzia Januari 1, 2027, kundi ambalo utakuwamo.

Ningekuwa wewe, ningelenga Chevening. Ni ufadhili wa masomo ya uzamili wa serikali ya Uingereza, inataka saa 2,800 za uzoefu wa kazi, ambazo mkufunzi msaidizi unazo, na inakutaka urudi nyumbani miaka miwili, jambo ambalo mwajiri wako pia analitaka. Dirisha la maombi hufungwa Oktoba kwa masomo ya mwaka unaofuata.

Fundi Mitambo wa Kigamboni

Ujerumani kwa ufupi: vyuo vingi vya umma havitozi ada, ila jimbo la Baden-Württemberg hutoza euro 1,500 kwa muhula kwa wasio raia wa Ulaya. Shida ni akaunti iliyofungwa, ambamo unaweka euro 11,904 kwa mwaka na kuruhusiwa kutoa euro 992 kwa mwezi. Ukiwa na ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, hilo halikuhusu. Ukihitimu unapewa miezi 18 ya kutafuta kazi.

Mama Naima (Tabata)

Nawashukuru sana. Wakala nimemwambia asinipigie tena. Mdogo wangu amekubali kutokuja Mei, na mama amekasirika, lakini ataelewa.

Nimeandika barua pepe kwa mratibu wa programu kule Ohio. Amejibu kwamba udahili unaweza kuahirishwa kwa mwaka mmoja, lakini nafasi ya kusaidia kufundisha haiahirishwi, nitaishindania upya. Bila nafasi hiyo siwezi kulipa ada, kwa hiyo nimeomba waniahirishie, na wakati huohuo naanza kuandaa Chevening na DAAD. Swali lililobaki ni kwamba barua yangu ya ruhusa ya masomo imetaja Marekani na mwaka wa masomo wa 2026. Je, naweza kuibadilisha bila kuonekana nimepoteza nafasi?

Mzee wa Upanga

Andika kwa ofisi ya rasilimali watu sasa, usisubiri Agosti. Ambatisha jibu la Ohio na nakala ya tangazo la Desemba, ili sababu ionekane kuwa nje ya uwezo wako, na uombe barua mpya isiyotaja nchi. Na kabla ya kujaza fomu ya chuo chochote, kihakiki na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kwa sababu shahada utakayorudi nayo watahitaji kuitambua ndipo mwajiri akupandishe.