Weusi hospitalini ughaibuni, kwa mgonjwa na kwa daktari: tupeane uzoefu

NesiWaZamu: Wanajamvi, salaam. Mimi ni nesi Uingereza, mwaka wa tisa sasa. Tulio huku nje, tunaotibu na tunaotibiwa, tuelezane yaliyotukuta hospitalini kwa sababu ya rangi. Nianze na langu.

Januari 2021 baba mkubwa alishikwa na korona. Watu wa gari la wagonjwa walikuja, wakambana kidole na kile kipimo cha oksijeni, kikasoma 94. Wakasema apumzike nyumbani. Mimi nilikuwa kwenye simu ya video. Nikamwomba mama mkubwa amfunue mdomo wa chini, asogeze kamera. Ndani palikuwa na rangi ya majivu. Mzee ambaye akianza hadithi hamnyamazishi, siku hiyo alikuwa anavuta pumzi kila baada ya maneno matatu. Tukapiga simu tena, tukang'ang'ana. Hospitali walimchoma kwenye kifundo cha mkono, wakapima damu yenyewe: oksijeni 85 tu. Alilala siku kumi na moja, akatoka.

Mwezi mmoja kabla ya hapo, madaktari wa Chuo Kikuu cha Michigan walikuwa wametoa utafiti wao. Kifaa kile kinapitisha mwanga kwenye kidole, na weusi wa ngozi unaweza kuupotosha. Kati ya wagonjwa ambao kifaa kiliwasomea 92 hadi 96, weusi karibu 12 katika kila 100 oksijeni ya damu yao ilikuwa chini ya 88. Weupe hawakuzidi 4. Mimi nilikuwa nimeshakitumia kwa miaka, na darasani hakuna aliyenigusia hilo. Ndilo linaloniuma mpaka leo.

BintiWaKisii: Pole dada. Mimi ni daktari Alabama. Kuambiwa "beba hii sahani, nimemaliza kula" na mgonjwa niliyekuja kumweleza habari za moyo wake, nimezoea. Mwaka 2016 daktari mweusi mwenzetu, Tamika Cross, alijitolea kumsaidia abiria aliyezimia ndani ya ndege, akaambiwa wanatafuta daktari wa kweli. Wengi wetu tulilia tuliposoma, maana tulijiona.

Ila kuna siku siisahau. Mzee mmoja mweusi, mtu wa Macon County, alikataa chanjo kwa wenzangu watatu. Niliingia, nikavuta kiti, nikamwamkia. Akaniuliza, "Wewe umechanjwa?" Nikapandisha mkono wa koti, nikamwonyesha mahali. Akakaa kimya kitambo, kisha akaanza kunitajia majina ya wazee wa kijijini kwao. Tuskegee iko palepale. Kuanzia 1932 hadi 1972 serikali iliwafuatilia wanaume weusi 399 wenye kaswende bila kuwatibu, hata penisilini ilipokuwa inapatikana kila mahali. Alipomaliza majina, akafungua kifungo cha shati na kunipa bega.

Kaka_Mtulivu: Mbona hata kwetu manesi wanafoka? Tusisingizie rangi kwa kila jambo.

NesiWaZamu: Kufokewa nakujua, mkuu, nimezalia kwetu. Lakini kifaa hakifoki, kinakosea tu. Na vifaa vya aina hiyohiyo ndivyo vilivyoko Dar, Nairobi na Bukavu, ambako karibu kila kidole kinachoingia ni cheusi.

Mzee wa Texas: Mimi nina karatasi. Mwaka 2019 figo zangu zilipimwa nguvu ya kuchuja damu, ambayo ikishuka ndiyo ugonjwa unazidi, na majibu yalikuwa na mistari miwili: "si mweusi" 18, "mweusi" 21. Hesabu ya siku hizo ilikuwa inazidisha jibu la mtu mweusi kwa 1.159, eti tuna misuli mingi. Kuanza kuhesabiwa kwenye foleni ya kupandikizwa figo hapa Marekani lazima uwe 20 au chini, la sivyo uwe umeshaanza kusafishwa damu. Damu ileile, mkono uleule, mstari mmoja unaniingiza na mwingine unanitoa. Wakanisomea wa 21. Nikarudi kazini kuendesha lori mpaka nikaanza mashine, Februari 2021.

Hesabu hiyo ilibadilishwa mwaka huohuo, na Januari 2023 hospitali zote zinazopandikiza zikaagizwa kupitia upya majina ya weusi na kuwarudishia muda wao. Barua yangu ilisema nimeongezewa miezi 17. Mke wangu aliisoma mara mbili kwa sauti. Figo nilipata Novemba.

Selimundu_London: Mwongozo wa huku unasema mgonjwa wa selimundu (sickle cell) akifika na maumivu makali, apewe dawa ndani ya nusu saa. Mimi nimekaa saa nne sakafuni. Nikitaja dawa inayonisaidia na kiasi chake, wananitazama kama teja. Siku hizi naenda na kaka yangu aliyevaa suti. Anazungumza yeye.

Mama Twins: Wangu walikuwa na siku tatu. Nilimwambia mkunga, Kulwa macho yake ni ya njano. Akamtazama ngozi, akasema rangi yake iko sawa. Nikambeba mpaka dirishani, nikabonyeza ufizi kwa kidole kama mama alivyonifundisha, nikamwita aje aone. Akainama, akatazama, akakimbia kuchukua sindano. Usiku huo Kulwa alilala chini ya taa ya buluu ya kutibu unjano, na mkunga akarudi mwenyewe kumbonyeza Doto ufizi.