Glaida ya roketi inapinduka mara tu inapoondoka: kasoro iko wapi?

Mwewe wa Jioni
Ndugu zangu, nimerusha ndege za rimoti kwa miaka kadhaa, na sasa nimeunda glaida yangu ya kwanza inayopandishwa na injini ya roketi. Ina gramu 290, na mabawa yake ya povu jepesi yana urefu wa milimita 1,100 kutoka ncha hadi ncha. Nikiirusha kwa mkono kutoka kilimani inateleza kwa utulivu wa kupendeza, lakini Jumamosi ilipotoka kwenye reli ilipanda kama mita kumi, ikabinuka kinyumenyume na kuchoma pua ardhini injini ikiwa bado inawaka. Kitovu cha uzito nimekipima mara tatu. Je, nisogeze mabawa? Na waliotutangulia, ambao hawakuwa na redio nyepesi, walifanyaje?

Fundi Balsa
Pole sana, ndugu Mwewe. Mabawa yaache hapo yalipo. Umeitega glaida yako vizuri kwa kuteleza, na hicho ndicho kilichoiangusha. Nguvu ya hewa juu ya bawa hukua kwa mraba wa kasi: ikiwa inateleza kwa mita 8 kwa sekunde na roketi ikaifikisha mita 32, ule mwinuko mdogo wa kibapa cha mkia, ambao kilimani huuoni hata kwa jicho, unasukuma mara kumi na sita zaidi. Lazima ipinduke.

Waliotutangulia walihangaika na jambo hilihili. Mwaka 1961 kampuni ya Estes ya Marekani ilitoa Astron Space Plane, ambayo injini yake ilivishikilia vibapa vilale sawa wakati wa kupanda. Injini ilipofukuzwa kileleni, vibapa viliinuka na chombo kikaanza kuteleza. Baadaye wengine waliweka injini mbele, ndani ya kijumba kinachochomoka na kushuka peke yake. Ufumbuzi ulikuwa wa werevu, ila mimi sijawahi kukipenda chombo kinachorudi vipandevipande, na hata kanuni za mashindano zilikuja kukitenganisha na glaida ya roketi halisi, ambayo sharti itue ikiwa nzima.

Redio imeyarahisisha yote haya. Weka swichi ya hali mbili: ya kupanda, kibapa kikiwa sawa kabisa, na ya kuteleza, kikiwa kimeinuka. Unageuza swichi pale injini inapozimika, kabla kasi haijaisha.

Bi Anga
Naunga mkono, lakini kuna swali ambalo Fundi hakuliuliza: ulitumia injini gani? Kwa vipimo ulivyotaja, nadhani unalenga daraja la mashindano la S8E la Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Anga, ambalo kikomo chake ni nyutoni-sekunde 40, yaani msukumo wa injini ukizidishwa kwa sekunde unazodumu. Jumla hiyo inaweza kumalizika kwa sekunde mbili au ikasambazwa kwa zaidi ya sita. Mabawa ya povu yanahitaji ile ya polepole, kama E6, yenye msukumo wa wastani wa nyutoni 6 hivi, yaani takriban mara mbili ya uzito wa chombo chako. Inapanda taratibu kiasi kwamba kidole chako kinapata nafasi ya kuielekeza.

Tena hakikisha ina herufi P mwishoni, maana yake imezibwa upande wa mbele. Injini ya kawaida ya roketi hulipua baruti mbele ili kutoa parashuti, na kwako mlipuko huo ungeishia kwenye betri na sevo, vile vijimota vinavyosogeza vibapa.

Mwewe wa Jioni
Asanteni sana. Injini ilikuwa na P, lakini si ya polepole. Nimerudi kibandani na rula: kibapa kilikuwa kimeinuka milimita tatu, nami nilikipachika hivyo kwa mkono wangu siku ya kilimani. Pua nimeiunga kwa kijiti cha kaboni. Swichi naiweka leo usiku.