Kichwa cha treni ya modeli kinagoma kurudi nyuma, naomba ushauri

Habari zenu wakuu. Nipo Nkuhungu, Dodoma. Tangu tupande SGR kutoka Dar, kijana wangu hana habari nyingine, ndipo shemeji akamletea seti ya mtumba: modeli ya 1:87 (yaani ndogo mara 87 kuliko treni halisi), umeme wa DC volti 12. Kichwa kinakwenda mbele vizuri tu. Ukigeuza swichi kirudi nyuma, mota unaisikia inazunguka ila magurudumu kimya.

Nimepima reli kwa mita ya umeme: swichi ikigeuzwa, chanya na hasi zinabadilishana, volti ni zilezile. Nikakinyanyua kichwa, nikakigeuza kitazame kilikotoka bila kugusa swichi. Kikagoma, maana hapo umeme wa reli ulikitaka kiende kinyumenyume. Nikageuza swichi, kikaondoka. Kwa hiyo swichi haina kosa, tatizo liko kwenye kichwa chenyewe.

Nimekifungua (vumbi la Dodoma mnalijua), nikasafisha kwa spiriti. Kaboni za mota (zile zinazopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka) bado ndefu, na kwa betri ya volti 9 mota inazunguka pande zote mbili. Ila shafti yenye gia ya msokoto (ile yenye umbo la skrubu) inacheza mbele na nyuma karibu milimita moja. Nahisi ikizunguka kinyume inarudi nyuma na kuachia meno ya gia ya ekseli.

Fundi redio mmoja kaniambia ninunue mota mpya, sijamwelewa kabisa. Je, niweke washa (kile kipete bapa) nyembamba kuziba hiyo nafasi, au niikague kwanza gia ya plastiki kama imepasuka? Na washa ndogo hivyo naipata wapi hapa mjini, kwa mafundi saa?