Bodi ya faiba kwa gari ya kuendeshwa, sio ya maonyesho: kazi ya bodi iishie wapi? (Ulinganisho)

Kijenge_Juu
Wakuu, salaam. Bodi ni ya bagi (gari dogo la wazi, lisilo na paa wala milango), faiba tupu, mtindo wa Meyers Manx, imefungwa juu ya chasi ya Volkswagen Beetle iliyofupishwa. Matumizi: Arusha mjini, Usa River, Moshi wikiendi, na vumbi la Ngaramtoni. Jelkoti (tabaka gumu la nje la faiba, lenye rangi ndani yake) ya chungwa imepauka. Kuna nyufa za utando wa buibui kuzunguka bolti na kwenye kona za matao ya matairi. Ukichungulia ubavuni jua la jioni, mawimbi yanaonekana. Mafundi wamenipa njia tatu:

A: kusugua jelkoti iliyopo na kuipolishi, bila rangi.
B: kutibu nyufa, puti kwenye mabonde tu, prima (rangi ya kwanza ya chini), kisha rangi ya 2K (ya kuchanganywa na hadena, yaani dawa ya kugandisha) isiyo na klia (tabaka la juu la kung'arisha, lisilo na rangi).
C: puti bodi nzima, kunyoosha mpaka iwe kioo, besi (rangi yenyewe, isiyong'aa) na klia, halafu kusugua klia kwa maji.

Bei nitapatana nao mwenyewe. Nataka kujua kazi ipi inastahili gari ya kutembelea.

RezinaNaMsasa
Mkuu, zote tatu zinazungumzia upande wa nje, na ugonjwa wako uko ndani. Jelkoti haina nyuzi, ni ngumu na haipendi kupinda. Faiba iliyo nyuma yake ikicheza kwenye bolti, jelkoti inakatika. Ukipaka puti juu ya utando huo, ufa unarudi palepale, mara nyingi kabla mwaka haujaisha. Kwa hiyo nusu ya kazi ipeleke ndani ya bodi, mahali ambapo hakuna atakayeona.

Anza kwa kuosha: maji na sabuni, kausha, kisha kiondoa mafuta kwa matambara mawili, moja la kupaka na jingine la kufuta kabla hakijakauka. Hii ni kabla ya msasa wowote. Bagi haina paa, na ile dawa ya kung'arishia dashibodi na matairi imejaa silikoni. Ukiisukuma ndani ya mikwaruzo, rangi itakaa na vishimo vya macho ya samaki.

Kwa ndani, saga kwa msasa namba 40 hadi uone faiba mbichi isiyong'aa, sentimita 10 kuzunguka kila eneo lenye ufa, na ufute kwa asetoni. Laza mikeka miwili ya faiba ya gramu 450 kwa mita ya mraba, wa pili uzidi wa kwanza kwa sentimita 3 kila upande. Kila mkeka unaongeza unene wa karibu milimita 1. Hesabu ya rezini (kimiminika kinacholowesha mkeka na kuganda): uzito wa mkeka mara mbili na robo hadi mbili na nusu. Tuseme maeneo yako yote yakijumlishwa ni nusu mita ya mraba: mkeka gramu 450 kwa tabaka mbili, rezini kilo 1 na kidogo. Hadena asilimia 1.5, yaani gramu 15 kwa kilo. Pima kwa mizani au bomba la sindano, sio kwa kifuniko cha chupa. Changanya nusu kilo nusu kilo. Ndoo nzima inachemka na kuganda mkononi kabla hujamaliza kutoa viputo kwa rola.

Na hili msilichukulie kirahisi: kama rezini yenu inauzwa bila kobalti (dawa ya kuharakisha kuganda), msichanganye kobalti na hadena moja kwa moja. Inalipuka. Kobalti kwenye rezini kwanza, koroga vizuri, ndipo hadena. Miwani ivaliwe, tone la hadena linaharibu jicho.

Kwenye bolti weka washa pana za milimita 40 hivi, na raba kati ya bodi na chasi. Ndipo uje nje: fungua kila ufa kwa umbo la V mpaka mwisho wake, jaza kwa puti yenye nyuzi za glasi, malizia na puti laini nyembamba. Ukiruka hayo, hakuna tofauti kati ya B na C. Zote zitapasuka.

Pasua_Moshi
Naitetea A kidogo. Bagi nyingi zilitoka kiwandani na rangi ndani ya jelkoti yenyewe, kwa hiyo jiwe likigonga, chini yake ni chungwa ileile. Hakuna rangi ya gereji itakayokupa hilo. Msasa wa maji 800, 1200, 2000, kisha kompaundi na nta. Shida ni unene: jelkoti kwa kawaida ni milimita 0.4 hadi 0.6, na kama ilishasuguliwa na wenye gari waliotangulia, huna akiba. Tafuta sehemu iliyomeguka uone unene wa rangi pembeni. Ukianza kuona nyuzi au vitobo kama vya sindano, umeshatoka kwenye A, upende usipende.

RezinaNaMsasa
Sahihi. Ila hapo pana nyufa. Viraka vya V havitalingana na chungwa lililopigwa jua miaka yote hiyo. A ni ya bodi ambayo haijapasuka.

Sakina_Spreya
Mnaionea C. Akitaka rangi nyeusi au bluu ya giza, lazima apitie C, kwa sababu giza linalong'aa linaonyesha kila wimbi. Na kazi ya bagi ni ndogo kuliko ile ya wenzetu wa Marekani wenye bodi za faiba za kuiga Ford ya 1932: wao wana milango na buti ya kulinganisha mianya, na inabidi bodi ifungwe kwenye chasi na uzito wote uwepo ndipo waguse puti. Bagi haina mlango.

RezinaNaMsasa
Hilo la kufunga bodi kwanza linahusu bagi pia. Ukinyoosha bodi ikiwa juu ya mapipa halafu ukaibana kwenye chasi, imejivuta na mawimbi mapya yamezaliwa. Funga bolti zote, weka kioo cha mbele, injini iwe mahali pake.

Kuhusu giza: bodi nyeusi kwenye jua la Moshi saa nane mchana inapata moto sana, rezini inalainika kidogo na kuendelea kukomaa, na ramani ya nyuzi inachomoza juu ya rangi. Umelipa C na bado unaona mkeka. Anayeng'ang'ania giza apige prima nyeusi, aiache bodi juani wiki kadhaa, ndipo anyooshe. Nyeupe, krimu au chungwa inasamehe mawimbi bila kazi hiyo.

Sababu nyingine ya kukataa C ni kokoto. Matao ya bagi yako wazi, tairi la mbele linairushia bodi mawe. Klia iliyosuguliwa kwa wiki nzima haifiki mbali kwenye barabara ya changarawe, na kukarabati besi na klia ni kupaka paneli nzima. Rangi ya 2K isiyo na klia unagusa kwa brashi ndogo, maisha yanaendelea.

Kijenge_Juu
Basi B. Nipeni mpangilio, na puti iishie wapi?

Sakina_Spreya
Msasa 80 pale pa puti, 180 kwingine. Puti hadena asilimia 2. Ikizidi, doa la njano linapenya hadi kwenye krimu. Sugua ikiwa kavu kwa bao refu la kushikia msasa, sentimita 40 au zaidi, mshazari kwa mshazari. Puti inanyonya maji kama sifongo, usiitie msasa wa maji. Kopo la kilo 2 lisipotosha, unaelekea C bila kujua.

Kisha prima ya epoksi tabaka moja, prima nzito ya 2K tabaka mbili au tatu, pulizia vumbi la rangi nyeusi juu, kisha sugua kwa bao na msasa 240. Nyeusi ikibaki ni bonde. Rudia prima mara moja tu. Malizia 320 na 500, rangi tabaka mbili au tatu. Prima ya asidi ya mabati usiilete kwenye faiba, wala dawa ya kuchubulia rangi, inakula rezini. Na hadena ya 2K ni sumu kwa mapafu. Barakoa ya vumbi haisaidii kitu.

Njiro_Vumbi
Vipi ile rangi ya chenga ya kwenye sehemu ya mizigo ya pikap, nikiipaka bodi nzima?

Sakina_Spreya
Ndani ya matao na chini tu. Juu inashika vumbi jekundu, na ufa ukitokea huuoni.

Pasua_Moshi
Angalia na majira. Arusha Juni hadi Agosti asubuhi ni baridi. Chini ya nyuzijoto 15 rezini inabaki inanata, subiri hadi saa tano asubuhi. Moshi mwezi wa pili shusha hadena hadi asilimia 1. Masika usiache prima wazi usiku, inapitisha unyevu, na malengelenge utayaona rangi ikishakauka.

RezinaNaMsasa
Toboa matundu yote ya taa, indiketa na kioo kabla ya prima, kwa biti kali kutoka upande wa jelkoti, na mkanda wa karatasi juu yake. Faiba haipitishi umeme, kwa hiyo kila taa inahitaji waya wake wa ethi (wa kurudisha umeme) hadi kwenye chasi. Ukikumbuka hilo baada ya rangi, utatoboa bodi mpya.